Kurudi Mlimani Ukitoka Mombasa

Mamangu, aliye Kibokoni, Mombasa, mpaka leo hakubali kwamba mjukuu wake alijaa maji mapafuni kwa sababu ya kurudi mlimani. Kwake yeye ni baridi tu iliyomwingia kifuani, na baridi ina dawa yake: mafuta ya mkaratusi, soksi, na mtu kuacha kupeleka watoto kwenye theluji. Nilipomweleza barazani likizo iliyofuata, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani huyo si kazaliwa huko huko?"

Swali zito hilo, na wengi wetu tunaokaa milimani Colorado, Marekani, hatujiulizi. Tunamwonya mgeni anayekuja kututembelea, sisi wenyewe tunajiona wenyeji.

Tunakaa Leadville, mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Hoteli za huku kwenye theluji zina kazi nyingi, ndizo zilizotuleta. Mwaka ule mwanangu alikaa Mombasa likizo nzima ya shule, akaogelea, akala mahamri mpaka shavu likatoka. Tukarudi mwezi wa nane, jua linawaka, theluji hakuna hata ya kuonja. Ndege hadi Denver, kisha gari, na jioni ileile tuko nyumbani. Alikuwa na mafua ya safarini, basi.

Usiku wa pili kikohozi kikavu kikaanza. Kufikia alfajiri hataki kulala chali, anahema akiwa amekaa kitini, na midomo imekuwa ya zambarau. Hospitalini daktari alimbana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, akatazama namba, na kabla hata ya kumwekea kipimo kifuani akauliza: "Mmetoka wapi wiki hii?" Nilipojibu ni mji wa pwani, Afrika, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu. Eksirei ilikuja kumthibitishia tu. Mapafu yalikuwa yameanza kujaa maji.

Hewa ya Leadville ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Forodhani. Kinachopungua ni mgandamizo: kwenye mita 3,000 hivi umebaki kama asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Sasa, mapafu yana tabia yao. Sehemu inayokosa oksijeni hubana mishipa yake, ili damu ielekee palipo na hewa nzuri. Kwa mwenye nimonia ya upande mmoja, tabia hiyo inamsaidia. Mlimani pafu zima limekosa, basi mishipa inabana kila mahali, tena haibani sawasawa. Watu wa Mombasa tunajua mambo ya mifereji: wakifunga vali za mitaa kadhaa, maji yote yanasukumwa kwenye mabomba machache yaliyo wazi, na maungio yanaanza kuvuja. Damu nayo huingia kwa kishindo kwenye vijishipa vilivyobaki wazi, kuta zake nyembamba zinazidiwa, na majimaji, protini, hata chembe nyekundu za damu zinapenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana aliyezidiwa sana hutema povu la rangi ya waridi. Moyo hauna kosa hapo.

Zamani waliojaa maji mapafuni namna hii huko milimani waliandikiwa nimonia au ugonjwa wa moyo. Mwaka 1960 Charles Houston, daktari aliyekuwa Aspen, hapa hapa Colorado, na aliyewahi kuongoza safari za kupanda K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, alichapisha habari za kijana mwenye afya yake aliyejaa maji mapafuni huko milimani bila maradhi ya moyo. Wamarekani hupenda kuanzia hapo. Lakini Peru walishasema: daktari Alberto Hurtado aliandika mwaka 1937 kuhusu mkazi wa milima ya Andes aliyeshuka Lima, mji wa pwani, akarudi kwao juu, akaugua. Mtu wa mlimani, akirudi mlimani! Jibu la swali la mamangu lilikuwako kabla yeye hajazaliwa.

Mwili uliouzoea mlima husahau ukikaa pwani. Tena inadhaniwa kwamba wenyeji wa juu wana misuli minene zaidi kwenye mishipa midogo ya mapafu, kwa hiyo wakirudi, inabana kwa nguvu zaidi. Watoto ndio hupatwa zaidi katika kurudi huku, na mafua au homa ya kifua huwaongezea hatari. Baridi nayo huchangia, hapo mamangu nampa haki yake, ila si yenye kuanzisha.

Ubavu haukusaidii kitu. Kijana wa Likoni, mcheza mpira, ndiye anayepanda mbio siku ya kwanza, na kazi nzito huzidisha shinikizo kwenye mapafu. Wapo waliozaliwa na mishipa inayobana kupita kiasi, na hawajui mpaka wapande. Aliyewahi kupatwa ndiye wa kuchungwa zaidi: watu wa namna hiyo wakipelekwa haraka hadi kibanda cha Margherita, kwenye mlima Monte Rosa huko Ulaya, mita 4,559, yapata 6 kati ya 10 huugua tena. Huko huko ndiko walikojaribu nifedipini, dawa ya shinikizo la damu: katika utafiti wa mwaka 1991, waliougua walikuwa 7 kati ya 11 wasioipata, na 1 tu kati ya 10 walioimeza. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, yakhe, usichukue ya shangazi.

Mwanangu alipewa oksijeni na kuteremshwa Denver, mita 1,609, na katika siku mbili alikuwa anagombania rimoti. Siku hizi tukirudi tunalala Denver kwanza, na siku za mwanzo hapandi baiskeli. Kwa anayepanda mlima hasa, kanuni ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana.

Na msiokwenda ughaibuni pia yanawahusu. Mtu anaweza kulala Tudor, Mombasa, leo, na kesho gari likamfikisha kituo cha Met, kambi ya wapandaji kwenye Mlima Kenya, mita 3,050, ya tatu yuko kwenye mita elfu nne na kitu. Mwenzenu akianza kuhema hali amekaa, msimwekee maji ya moto wala msingoje kupambazuke. Mteremsheni usiku huohuo, mita elfu moja kama mnaweza, na asitembee kwa nguvu zake ikiwa kuna wa kumbeba.