Deni la Mshkaji

Somo: Luka 23:39–43, Mithali 29:24

Wapendwa, Maandiko hayasemi kama wale wahalifu wawili waliotundikwa pamoja na Bwana walikuwa kundi moja. Hukumu yao ilikuwa moja, na aliyegeuka hakumtupa mwenzake. Alimkemea: "Wewe humwogopi hata Mungu, nawe u katika hukumu iyo hiyo?" Kisha akakiri kwa ajili ya wote wawili kwamba malipo yale waliyastahili.

Kijana wa Manzese au Mbagala hapa Dar es Salaam, aliyekuwa kwenye kundi la wezi, akiokoka, sisi humwambia aachane na marafiki wabaya, basi. Ni rahisi kusema ukiwa hujui kinachowafunga. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kijana alipokuwa mahabusu katika gereza la Segerea, aliyempelekea sabuni na kuhangaikia wadhamini mara nyingi hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mshkaji wake. Au mshkaji alikamatwa, akabanwa, asimtaje. Fadhila hiyo sala ya toba haiifuti, na mwenyewe atakuja kuidai.

Huidai kwa maneno laini. Niwekee huu mzigo mpaka kesho. Nipokelee hela kwenye laini yako. Simama pale kona, angalia tu. Watu husimulia sana "kazi ya mwisho", lakini vijimambo hivi ndivyo vinavyomrudisha mtu, kwa sababu anaona hajafanya kitu. Sheria inaona tofauti. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayesaidia kosa kuwa mkosaji pamoja na mtendaji. Kutunza mali ya wizi huku ukijua imeibwa, kifungu cha 311, ni kifungo cha hadi miaka 10. Unyang'anyi wa kutumia silaha, 287A, haupungui miaka 30, na aliyesimama kona anaweza kuipata yote sawa na aliyeshika panga. Ile laini nayo imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Hela ikifuatiliwa, jina linalotokea ni lake.

Kwa hiyo asiende kutangaza kijiweni. Mbele ya kundi zima kila mmoja atajiuliza kama huyu sasa atawachoma kwa polisi, na hofu hiyo ndiyo hatari. Amwone yule wa karibu peke yake, mchana, mahali penye watu, aseme kwa ufupi kwamba hafanyi tena na asihesabiwe. Asibishane. Kama anadaiwa pesa, alipe kidogo kidogo kwa jasho lake, na ndugu mmoja wa kanisani awe shahidi. Mgao asipokee kabisa. Hapa wengi huteleza: simu walizoiba zamani zimepata mteja sokoni Kariakoo, wiki kadhaa baadaye anapelekewa fungu lake, naye anaona ni haki yake. Akilishika, amerudi kwenye hesabu ya kundi.

Nasi tusimpe kipaza sauti Jumapili ya kwanza! Ushuhuda wenye majina na mitaa unasikika mpaka nje kwenye spika, na wenzake wana masikio. Akitaka kwenda polisi kukiri ya nyuma, akae kwanza na mchungaji na wakili. Asisukumwe na shangwe za madhabahuni.

Je, mshkaji akikamatwa? Amtembelee. Ampelekee sabuni kama alivyopelekewa, amtazamie mama yake nyumbani. Deni lilipwe hivyo, maana hakuna anayeibiwa.

Lipo gumu kuliko yote. Mithali inasema anayeshirikiana na mwizi anaichukia nafsi yake. Anasikia kiapo cha kumtaka ashuhudie, wala hasemi neno. Kijana akijua kwamba usiku huu nyumba fulani itavunjwa na watu wako ndani, kunyamaza kwake kumeshakuwa sehemu ya kazi ile. Ajaribu kumzuia mwenzake ikiwezekana. Isipowezekana, mchungaji apige 112 kwa niaba yake, bila kumtaja. Mshkaji anaweza kumwita msaliti. Hata hivyo, mshkaji huyo angeweza kuamkia mikononi mwa wananchi wenye hasira kali, na tunajua pikipiki ya kutorokea haimsubiri aliyeanguka.

Wiki hii tumwombee anayesimama kwenye njia hiyo panda. Mwenye kibarua chochote cha kumpa kijana huyo, hata cha kubeba zege au kupakua mizigo sokoni, aje tuonane baada ya ibada, kwa sababu wenzake wa zamani wanajua siku gani kijana hana hela ya kula.