Mabaka yaliyotangulia nyuzi 30

Jioni ile ya baridi, kwenye maabara moja Ujerumani, tulichanganya DOPC na DPPC (lipidi mbili, mafuta ya aina inayojenga utando wa seli) nusu kwa nusu, kolesteroli asilimia 30, na rangi ing'aayo kidogo. Utando wa aina hiyo hujitenga kuwa mabaka ukipoa hadi karibu nyuzi 30 za Selsiasi.

Lipidi zilipakwa kwa klorofomu kwenye vioo viwili vinavyopitisha umeme, vikakaa kwenye ombwe saa mbili, maana klorofomu ikibaki huharibu kila kipimo. Katikati ya vioo tukajaza sukrosi ya milimola 200 kwa lita, tukapitisha umeme wa volti 1, hezi 10, kwenye nyuzi 60, ili lipidi zivimbe ziwe vifuko vidogo vya utando. Joto hilo si la hiari: DPPC peke yake huganda chini ya nyuzi 41, na vioo vikipoa mapema kila kifuko hutoka na mchanganyiko wake. Chumvi hatukutia, huzuia vifuko kuvimba.

Kisha vifuko vilihamishiwa kwenye glukosi ya milimola 205. Ziada hiyo ndogo nje huvuta maji, utando ukalegea. Kifuko kilichokazana hakitikisiki, utakesha ukitazama duara.

Tulipoanza kupoza, mabaka yalitokea kwenye nyuzi 35. Kipimajoto kilikuwa sawa. Tulisogeza sampuli hadi mahali ambapo taa ya darubini haikuwa imefika: huko vifuko vilikuwa na rangi moja, havina hata baka. Basi ni taa. Chini ya mwanga mkali, rangi ile huchochea oksijeni kushambulia vifungo maradufu vya DOPC, na joto la kujitenga hupanda. Tukapunguza rangi, taa ikawaka wakati wa kupiga picha tu.

Safari hii mabaka yalisubiri nyuzi 30, na hapo ndipo penye utamu. Ukingo wa baka ulikuwa ukicheza kama pindo la kanga kwenye upepo, kwa sababu karibu na joto hilo mvutano wa ukingo hupungua sana. Ukipoza zaidi mvutano hurudi, baka likawa duara kamili. Mtikisiko wa utando wenyewe ni habari nyingine: unazuiwa na ugumu wa kupinda, ambao kwa DOPC tupu ni takriban jouli 10⁻¹⁹. Kuupima kunadai kamera ifunguke kwa muda mfupi sana. Ikikawia, mawimbi madogo hufutana ndani ya picha moja, na utando huonekana mgumu kuliko ulivyo.