Mzee hajala wiki tatu halafu nyie mnampa mililita 50?

Nikisema nafanya kazi ya lishe hospitali watu wanajua kazi yangu ni kuwaambia wagonjwa wa sukari wapunguze wali, halafu mtu anasogeza kiti anaanza kuniuliza kitambi chake akifanyeje. Hayo yapo, kliniki ina siku yake. Ila muda mwingi mi nipo wodini na ICU kwa watu ambao hawawezi kula kabisa, wengine wana mpira puani, wengine wametobolewa tumbo, na kazi yangu ni kupiga hesabu ya kinachopita kwenye huo mpira, kiasi gani, kila baada ya masaa mangapi, na kuelewana na ndugu. Hasa ndugu.

Kuna mzee mmoja (nimebadilisha vitu kidogo asijulikane) alitokea huko Kilimanjaro vijijini, saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Huu ugonjwa Afrika Mashariki upo sana, kuna ukanda mzima unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania mpaka Malawi, na wengi wanafika hospitali wakati hata mate yanapita kwa shida. Inaanza nyama inakwama, mtu anahamia kwenye wali, kisha uji, kisha maji, na muda wote huo nyumbani wanasema ni vidonda vya tumbo. Mzee alifika ana kilo 42 na wiki tatu nzima alikuwa anaishi kwa vijiko vya chai. Madaktari wakamtoboa tumbo wakamuwekea mpira. Nyumbani furaha, kijana wake kaja na hotipoti la mtori na chupa ya maziwa, anataka baba yake ashibe leo leo.

Mi nikaandika kwenye faili mililita 50 kila baada ya masaa matatu.

"Dada daktari, mzee hajala wiki tatu halafu nyie mnampa mililita 50? Si ndo kikombe cha kahawa hiki?"

Na kweli ni kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kijiweni. Nikamwambia kaka, kaa hapa nikueleze. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu unakuwa unachoma mafuta na misuli yake wenyewe, na akiba ya madini kama fosfeti, potasiamu na magnesiamu imeshakwisha, japo ukipima damu unaweza kukuta majibu mazuri tu. Ukimmwagia chakula ghafla insulini inapanda, inasukuma yale madini machache yaliyobaki yaingie ndani ya seli, kwenye damu yanaporomoka, moyo unaanza kudunda ovyo, mtu anavimba, anashindwa kupumua, siku ya pili au ya tatu anakufa akiwa ameshiba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia madaktari waliyaona haya kwa mateka waliotoka makambini, walivumilia njaa miaka halafu wengine wakafa walipoanza kula.

Kwa hiyo kwa mtu kama huyu unaanza na kalori 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kilo 42 ni kalori 420, mchanganyiko wetu wa chakula cha mpira una kalori moja kwa mililita, gawa mara nane kwa siku unapata 50 na ushee. Kabla hata ya tone la kwanza anapewa vitamini B1, halafu unapanda kidogo kidogo huku unafuatilia damu, mpaka kwenye kalori 1,260 hivi kwa siku. Kwa watoto wenye utapiamlo mkali ni hivyo hivyo, wanaanza na F-75, maziwa yenye kalori 75 kwa mililita 100, ndipo wanahamishiwa F-100 yenye kalori 100. Kwa watoto watu wameshazoea, ikija kwa mtu mzima unaonekana una roho mbaya. Ugumu mwingine ni kwamba fosfeti yenyewe si kila siku maabara wanapima, ukiambiwa kitendanishi (dawa ya kupimia) kimeisha unabaki unamwangalia mgonjwa, anavimba miguu? anahema vipi?

Kuna jambo la dripu pia. Ndugu wakiona chupa inaning'inia wanatulia, mgonjwa anakula. Jamani chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, soda moja inaizidi. Ni maji yenye sukari kidogo, protini hamna, mafuta hamna. Chakula halisi cha kupitia mshipani kipo, ila ni bei mbaya na kinataka mshipa mkubwa na usafi wa hali ya juu, na kama tumbo linafanya kazi hakuna sababu ya kukimbilia huko.

Na sisi wa ndani tunachangia njaa, tusijifanye. Mtu anaambiwa asile kitu kuanzia saa sita usiku, asubuhi operesheni, imefika saa tisa mchana operesheni imeahirishwa, kesho yake tena hivyo hivyo. Wakati chakula kinatakiwa kisimame masaa sita tu na maji masafi masaa mawili. Hili nalisema kila raundi mpaka madaktari wa upasuaji wakiniona wanacheka.

Turudi kwenye mtori. Mtori mtamu, mi mwenyewe naupenda, lakini kwenye mpira nyuzi za nyama zinaziba hata ukisaga kwenye blenda dakika kumi, na ukizimua na maji mpaka upite unabaki na maji ya ndizi. Uji nao una tatizo hilohilo, mwepesi wa kupita kwenye mpira unaweza kuwa na kalori 30 au 40 tu kwa mililita 100. Mgonjwa anajaa tumbo na anazidi kukonda.

Siku za kumuandaa mzee kurudi nyumbani nikakaa na mke wake, kwa sababu yeye ndiye atakayelisha, kijana anarudi mjini kazini. Nikamuonyesha jinsi ya kumuinua mzee mgongo usilale chini, kusukuma maji mililita 30 kabla na baada ya kila mlo, dawa zisichanganywe kwenye chakula. Nikafika kwenye kimea, yaani ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, ukiweka kijiko kwenye uji mzito uliopoa kidogo unalainika wenyewe, wanga unakatwakatwa, kwa hiyo unaweza kuweka unga karibu mara mbili na bado ukapita. Bibi akaniangalia, akacheka mpaka nesi akageuka.

"Mwanangu, kimea cha mbege hiki? Mimi nimeotesha ulezi kabla mama yako hajaolewa."

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga. Basi darasa likageuka, akaanza kunifundisha yeye ulezi upi unaota vizuri na siku ngapi ulowe. Cha kwangu kikabaki kumwambia kwamba baada ya kuweka kimea auchemshe tena ule uji kuua vijidudu, aongeze maziwa na mafuta, achuje, na ukikaa nje zaidi ya masaa mawili asimpe mzee, anywe yeye au amwage.