Mama usijichurie

Juzi usiku nimesikia tena kandambili. Zile za mama za bluu, ambazo mguu wa kushoto alikuwa anauburuta kidogo kwa ajili ya goti, saa kumi alfajiri, zinatoka kwenye chumba alichokuwa analala zinaelekea jikoni, shwaa, shwaa, halafu kimya. Na saa kumi ndo ilikuwa saa yake, maana maisha yake yote kauza vitumbua na hata alipohamia kwangu Dar kuja kutibiwa, mwili wake uliendelea kuamka muda ule ule kana kwamba kuna mchele umelowekwa unamsubiri. Nikakaa kitandani nikawasha taa ya simu. Kandambili zenyewe hazipo, nilizitoa mwenyewe kwa mikono yangu pamoja na nguo zake baada ya arobaini.

Ni miezi 14 sasa. Nimeona bora niandike, kwa sababu kuna kitu nimekibeba muda wote huu na kila nikitaka kukisema watu wananiambia mshukuru Mungu, kazi yake haina makosa, na mimi sibishani na hilo, ila ninachotaka kusema siyo hicho.

Mama alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Daktari alimuita kaka yangu koridoni akamwambia imeshasambaa, kaka akaniita mimi kwenye ngazi akaniambia huku anaangalia chini, na pale pale kwenye ngazi tukakubaliana mama asiambiwe. Atakata tamaa, kaka alisema. Nikasema kweli atakata tamaa. Hatukumuuliza mtu mwingine, tukapangusa machozi tukaingia wodini tunatabasamu na mama akatuangalia, mmoja halafu mwingine, akauliza mmekula?

Alijaribu kuongea na mimi mara tatu, nimezihesabu. Mara ya kwanza alisema sanduku langu la kanga kule Tanga nataka lije, kuna za kugawa. Nikamwambia mama usijichurie, kanga zako utazivaa mwenyewe. Mara ya pili alitaja deni, kuna mama mmoja alikuwa anamdai hela ya unga, akasema elfu thelathini ile ya watu isije ikapotea, nikamjibu hivyo hivyo, mama usijichurie bwana. Mara ya tatu ilikuwa usiku, umeme umekatika, nampepea na kipande cha boksi, akasema taratibu kabisa wala hana presha, "Mwanangu, mimi naona safari hii sitoki." Na mimi nikasema kwa sauti ya juu, kama vile namgombeza, "Mama acha kujichuria, utapona, lala!"

Akanyamaza kidogo, akasema "Haya." Akageukia ukutani.

Hiyo haya ndo ninayoisikia zaidi hata ya kandambili. Yaani mtu amefika ukingoni, amekusanya nguvu zake chache zilizobaki ili aongee na mwanae wa kumzaa, na mwanae anamfunga mdomo kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa. Maana ukweli ndo huo, mwenye hofu nilikuwa mimi, siyo mama.

Baada ya msiba nilianza kusoma sana, usiku, kwenye simu, usingizi ulikuwa haupo. Wengi tunazijua zile hatua tano, watu wanazitupia sana kwenye magrupu mtu akifiwa: kukataa, hasira, kubembelezana na Mungu, huzuni nzito, mwisho kukubali. Nikawa najipima nazo, leo nina hasira basi nipo ya pili, kesho nalia nimefika ya nne, keshokutwa narudi kwenye kukataa nikajiona mimi nina kasoro. Kumbe aliyeziandika, Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa anafanya kazi Chicago, alizitoa kwa kukaa na wagonjwa wanaokufa wenyewe. Siyo wafiwa. Wanaokufa. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa theolojia walimfuata wakitaka kujifunza juu ya kifo, akaona wa kuwafundisha ni wagonjwa wenyewe, na alipopita wodini kuomba apewe mgonjwa anayekaribia kufa aongee naye akaambiwa humu hayupo. Hospitali nzima kubwa hamna anayekufa! Walipopatikana na kuulizwa, wengi walikuwa wanataka kuongea, na alichoona ni kwamba mgonjwa mara nyingi anajua hali yake hata kama hajaambiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kwa hiyo hatua zile zilikuwa za mama. Zilikuwa zinapita mbele ya macho yangu kwenye kile kitanda na mimi niko bize kumwambia lala.

Wiki tatu baada ya usiku ule wa haya mama alifariki, alfajiri, na tukamsafirisha Tanga siku hiyo hiyo. Mama mkubwa, dada yake mama, akaniuliza utaingia kumuosha? Nikasema naingia. Sikuwahi kuosha maiti kabla, na niliogopa mpaka meno yanagongana, ila naandika hapa wazi kwamba hiyo ndo saa bora niliyokuwa nayo katika mambo yote yale. Walimfunika kanga mbili, maji yanapitishwa chini ya kanga hakuna anayemuona vibaya, tunaanza upande wa kulia, maji ya majani ya mkunazi, na mwisho maji ya kafuri. Mama mkubwa anamimina, mimi nasugua taratibu. Kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kifundo cha mkono, kulikuwa na kovu la mafuta ya vitumbua lenye umbo la mwezi mchanga. Nalijua kovu hilo tangu niko mdogo, nilikuwa naliparuza na kidole nikiwa napakatwa. Nikalisugua. Likawa laini kama zamani, ngozi ya pale haikuwa imebadilika kabisa, na hapo ndo mwili wangu ulipoelewa kitu ambacho masikio yalishaambiwa. Mtu anaweza kukwambia fulani amefariki ukajibu ndio nimesikia, ila kuelewa kunafanyika sehemu nyingine. Mimi kwangu kulifanyika kwenye vidole.

Halafu jeneza likabebwa, wanaume wakaondoka nalo wanaitikia lailaha ilallahu mpaka sauti ikapotelea kwenye kona ya msikiti, na sisi wanawake tukabaki na jivu la ubani.

Msibani kwetu watani ndo waliharibu, au niseme walitengeneza. Siku ya pili akaja mama mmoja mtani akajifunga kanga ya marehemu, akabeba ungo kichwani akaanza kutembea anaburuta mguu wa kushoto, anaita "Vitumbuaaa, vya moto, leo mkopo hakunaaa!" kwa sauti ya mama kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nina kisu cha vitunguu mkononi, nacheka na machozi yanatoka, na ghafla nikajisikia vibaya sana, mama ana siku moja kaburini mimi nacheka? Hilo lilinitesa mpaka nilipokutana na kazi ya wanasaikolojia wawili wa chuo kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa hatembei kwenye mstari mmoja, anapokezana, saa hii anazama kwenye uchungu, saa hii anatoka anashughulika na maisha, anapika, anacheka, analipa bili, kisha anarudi tena, na huko kupokezana ndo kunakomponyesha. Nikasema sasa watani wetu wamelifanya hilo miaka yote. Waliingia katikati ya kilio wakatutoa nje tupate pumzi halafu wakaturudisha.

Tatizo ni kwamba turubai linafunguliwa. Masufuria ya kukodi yanarudi, daftari la rambirambi linafungwa, wageni wanapanda mabasi, na wewe unarudi kazini. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku zisizopungua 4 zenye malipo ukifiwa na mzazi, na kwenye dini mtoto naye hakai eda, eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mke aliyefiwa na mume. Siku ya nane nilikuwa ofisini najibu simu. Wenzangu walinipa pole wiki ya kwanza na pole zao zilinisaidia, wiki ya tatu nikitaja mama naona mtu anahama macho, anakimbilia kusema "jikaze mpenzi". Ni yale yale niliyomfanyia mama. Mtu anakuja na maneno yake mdomoni, unamwambia lala.

Ndo maana habari za kandambili sikumwambia mtu. Ningesema ningetafutiwa wa kunisomea, au ningeambiwa nina stresi. Nilikuja kusoma juu ya daktari wa Wales, Dewi Rees, aliyechapisha mwaka 1971 majibu ya wajane na wagane 293 wa eneo alilokuwa anafanyia kazi, akakuta karibu nusu yao wameshawahi kumsikia, kumuona au kuhisi marehemu yupo karibu, wengine kwa miaka mingi tu, na wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Wale walifiwa na wenza wao, mimi nilifiwa na mzazi, ila nililia nilivyosoma. Karibu nusu, kila mmoja na kandambili zake, kila mmoja kimya.

Nilienda pia kwa mshauri nasaha, mara nne. Aliniuliza nalala, nakula, naenda kazini? Nikamwambia naenda. Akanieleza kwamba kuna huzuni inayokwama, Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye orodha yao mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, ile ambayo imepita miezi 6 na zaidi, imevuka hata desturi za watu wako wanavyoomboleza, na bado kumtamani marehemu kunakuzuia kabisa kuishi, hiyo inataka tiba na mtu asione aibu kuitafuta. Yangu haikuwa hiyo, alisema. Yangu ilikuwa maneno ambayo hayajasemwa.

Kuna kitu kingine kilinigusa. Sigmund Freud, yule daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya akili kwa mazungumzo, mwaka 1917 aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni roho kujibandua kidogo kidogo kutoka kwa marehemu mpaka iwe huru. Mwaka 1920 binti yake Sophie akafa kwa mafua makali yaliyokuwa yameenea dunia nzima. Na mwaka 1929, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, akamwandikia rafiki yake aliyefiwa na mtoto kwamba uchungu mkali utapoa ila pengo halizibiki, na hata likizibwa kinachoziba ni kitu kingine, na inapaswa iwe hivyo, maana ndo namna pekee ya kuendeleza upendo tusiotaka kuuacha. Miaka tisa baada ya mwanae. Huyo wa 1929 namuelewa kuliko wa 1917. Sitaki kubanduka. Nina voisi noti yake moja ya sekunde 11, anauliza nimekula nini, siifuti.

Mwezi uliopita nilienda Tanga kumuona mama mkubwa. Presha imemsumbua, miguu imevimba, amekonda shingoni. Tumekaa kibarazani yeye anachambua mchele akasema, "Mimi nikifa, huu mwembe..." na mkwe wake akadakia huko huko jikoni, "Aaah mama mkubwa, usijichurie!" Moyo wangu ulipiga. Nikasogeza mkeka nikamwambia, "Ukifa, mwembe ufanyweje mama mkubwa?"

Akaniangalia muda mrefu. Akasema usikatwe, watu watakuja na shoka siku ya matanga wanataka kuni, usikatwe. Akaendelea, kuna pesa kwenye kopo, kuna mtu anamdai, kuna kanga hataki apewe fulani, na mimi naandika kwenye simu, kila akinyamaza namwambia enhe. Mpaka akafika kwa mama.

"Mdogo wangu alikuwa anajua," akasema. "Alinipigia akiwa kwako. Akaniambia dada, hawa watoto wanaogopa, nimejaribu kuwaambia naona wanatetemeka, nimeona niwaache."

Wanasosholojia wawili wa Marekani, Glaser na Strauss, walikaa kwenye mahospitali ya huko wakaandika mwaka 1965 juu ya hali hiyo, mgonjwa anajua, ndugu wanajua, manesi wanajua, na wote wanaigiza kwamba hakuna kitu. Nilikuwa nimeshaisoma. Nilidhani katika igizo letu mimi ndo nilikuwa namlinda mama.

Nikamuuliza mama mkubwa, alisema nini kingine? Akasema alisema elfu thelathini ya unga nimlipe mimi, nikamlipa. Na kanga ya kisutu ni yako, ipo kwenye sanduku chini kabisa, nilikuwa nasubiri uulize. Halafu akasukuma ungo pembeni akanyoosha miguu yake iliyovimba mbele yangu, akasema sasa na mimi sikiliza, siku hiyo nataka uingie kuniosha wewe, uliosha vizuri, nilikuwa nakuangalia, na maji yasiwe ya baridi.