Jinsi nilivyochagua kifaa cha GPS cha gari na kukitetea mbele ya fundi

Kila mwenye simu janja ana ushauri kuhusu GPS, na nilipoanza kutafuta kifaa cha kunielekeza njia ninapoendesha gari, ushauri niliopewa ulikuwa wa namna mbili tu. Kwanza, kwamba simu inatosha na nisipoteze fedha zangu. Pili, kwamba nikishikilia kununua basi ninunue chenye skrini kubwa kuliko vyote dukani. Baada ya kuongozwa na setilaiti kwa muda wa kutosha, naweza kusema kwamba ushauri wa kwanza ni nusu ya ukweli, na wa pili haumsaidii hata kidogo mtu ambaye macho yake yanatakiwa kuwa barabarani.

Kuhusu simu, sina ugomvi nayo na mpaka leo naitumia. Wengi huamini kwamba bila intaneti simu haijui ilipo, jambo ambalo si kweli. Kipokezi kilichomo ndani ya simu kinahitaji kuzisikia setilaiti zisizopungua nne ili kijue mahali kilipo na kisahihishe saa yake; mtandao wa simu hukisaidia kuzipata upesi, lakini kinaweza kufanya kazi bila huo. Kinachohitaji intaneti ni ramani yenyewe na habari za foleni. Nilipopakua ramani mapema kwa kutumia OsmAnd na Organic Maps, programu mbili zinazotegemea OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 ambao ramani zake huchorwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, niliongozwa vizuri hata mahali ambapo simu haikuwa na alama hata moja ya mtandao.

Kilichonifukuza kwenye simu kilikuwa joto. Simu iliyofungwa nyuma ya kioo cha mbele, jua linaipiga, skrini imewaka kwa mwanga wote na papo hapo inachajiwa, hufika mahali ikajipunguzia mwanga au ikakataa kuendelea kuchaji. Isitoshe, watu wana kipaji cha ajabu cha kukupigia simu mita mia moja kabla ya njia panda, na kila walipopiga, ramani yangu ilijificha nyuma ya jina la mpigaji. Nikaamua kutafuta kifaa ambacho hakuna mtu anayekijua namba.

Dukani muuzaji alinionyesha chenye skrini ya inchi 7, angavu na kizuri, nami nikaomba nikijaribu ndani ya gari kabla ya kutoa fedha. Gari langu ni dogo. Kilipokaa kwenye kioo kilificha kona yote ya kushoto, yaani mahali hasa ambapo mtembea kwa miguu hujitokeza. Inchi 5 zilinitosha, kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba nitasikiliza zaidi kuliko nitakavyotazama. Kwa hiyo nilichopima kwa makini ni sauti: je, inasikika madirisha yakiwa wazi, je, inataja jina la barabara au inasema tu "pinda kulia" mahali penye njia tatu za kulia, na je, inatoa onyo mapema kiasi cha kuniwezesha kuhama njia bila kumkatisha aliye nyuma yangu? Nilitaka pia kipokezi kinachosikia mifumo zaidi ya mmoja: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Katikati ya majengo marefu, ambako anga hubaki ufa mwembamba, mifumo mingi huongeza uwezekano wa kupata setilaiti zilizo juu ya ufa huo. Sharti langu la mwisho, ambalo lilimshangaza muuzaji, lilikuwa kwamba kifaa kiwe na ukurasa unaoonyesha nguvu ya kila setilaiti kwa vijistari. Akaniuliza ni nani hutazama ukurasa huo. Jibu analipata mbele.

Hatimaye nilinunua kilichotumika, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kipya, na nilikipata kwa bei hiyo kwa sababu mwenyewe aliamini kimeharibika. Saa yake ilikuwa sahihi hadi dakika, lakini tarehe ilirudi nyuma karibu miaka 20, na rafiki yangu mmoja aliyekuwepo akanishika mkono akisema betri ya ndani imekufa. Mimi nikatabasamu kimoyomoyo. Mfumo wa GPS huhesabu majuma kwa tarakimu kumi za kompyuta, yaani za 0 na 1 tu, hivyo baada ya majuma 1,024 hesabu hurudi sifuri. Ilirudi hivyo Agosti 1999, na tena tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa hujikuta kinaishi karibu miaka 20 iliyopita huku mahali kinapaonyesha sawasawa. Nilifika nyumbani, nikakiunganisha na kompyuta, nikaweka programu mpya kutoka kwa mtengenezaji, na tarehe ikarejea. Anayenunua kilichotumika aitazame tarehe. Ikiwa imepotea kwa kiasi hicho, kwanza aulize kama bado programu mpya inatolewa kwa aina hiyo, kisha ndipo apatane bei bila haya.

Kwa miezi kadhaa tulielewana vizuri. Baadaye kikaanza kulalamika kwamba kimepoteza setilaiti, tena mahali penye anga wazi kabisa. Alama ya gari ilikuwa inaganda, kisha inaruka hadi katikati ya mashamba, kisha inarudi barabarani kana kwamba hakuna kilichotokea, na ile sauti, kwa utulivu uleule, ikiniamuru nigeuze gari mara tu itakapowezekana. Nikampelekea fundi umeme wa magari. Hakukiwasha hata mara moja. Alikigeuzageuza mkononi, akatamka kwamba antena imekufa na vifaa hivi havitengenezeki, ila anaweza kuniuzia antena ya nje. Nikakubali, kwa kuwa nyuma ya kifaa, chini ya kifuniko kidogo cha mpira, kweli palikuwa na tundu la antena. Akaibandika kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele "ili ione anga", akapitisha waya wake pamoja na waya mwingine uliokuwepo, akalipwa. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mwingine akaniambia ni kioo. Ushauri huu angalau una mguu wa kusimamia, kwa kuwa vioo vingine vina utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto, na utando huo huzuia mawimbi ya redio. Watengenezaji wengi wa vioo hivyo huacha nafasi isiyo na utando karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Nikakihamishia hapo. Kikafa kabisa. Hapo nikaanza kushuku, kwa sababu mahali palipotakiwa kuwa pazuri kuliko pote ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote.

Ufumbuzi ulikuja gari likiwa limesimama na injini imezimwa, nikimsubiri mtu. Nilifungua ule ukurasa wa vijistari na kuvikuta vyote virefu na vizuri. Nikawasha gari, vikaanza kufupika, kimoja baada ya kingine, mpaka vikabaki viwili. Nikazima, vikapanda. Fundi angesema ni jenereta ya gari, lakini nikajiuliza ni nini kingine kinachoamka ninapogeuza ufunguo, na jicho likatua kwenye kamera ndogo ya kurekodi safari iliyobandikwa karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ambayo waya wake ndio uleule fundi aliofuatanisha na waya wa antena. Nikachomoa plagi ya kamera huku injini ikiunguruma. Sekunde chache, vijistari vikasimama kama askari kwenye gwaride. Nikachomeka, vikaanguka. Nakiri nilichomeka na kuchomoa zaidi ya ilivyohitajika, na yule niliyekuwa namsubiri alipofika sikumruhusu afunge mlango kabla hajaona.

Sababu yake si uchawi. Mawimbi ya GPS ya kiraia hurushwa kwa masafa ya megahezi 1575.42 kutoka setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu, kwa nguvu ya makumi ya wati tu, na yanapofika ardhini ni dhaifu kuliko kelele za kawaida za redio. Kipokezi huyatambua kwa sababu kinajua mpangilio wake mapema. Chaja ya bei rahisi, inayogeuza volti 12 za gari kuwa volti 5 kwa kuukata umeme mara maelfu kila sekunde, hutapanya kelele za redio, na waya mrefu wa kamera huzisambaza kama antena. Ili nijue kati ya chaja na kamera ni nani mkosaji, niliiwasha kamera kwa betri ya kubebea badala ya tundu la gari. Vijistari vilipungua, ila si kama awali, maana yake wote wawili walikuwa washirika. Nikanunua chaja bora, nikaihamishia kamera upande wa pili wa kioo, nikapitisha waya wake mbali na ule wa kifaa, na nikaubania kipande cha feraiti cha kupunguza kelele hizo, yale mafundo meusi yanayoonekana kwenye baadhi ya kebo za kompyuta. Gharama yote ilikuwa chini ya ile antena ya fundi, ambayo niliibandua na kuitupa ndani ya droo. Yeyote anayeambiwa kifaa chake kimekufa achomoe kwanza kila kitu kingine kilichomo kwenye matundu ya umeme ya gari, kisha atazame vijistari kabla ya kufungua pochi.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo lakini si ugonjwa. Kifaa kilichokaa kabatini kwa majuma, au kilichosafirishwa mbali kikiwa kimezimwa, hakijui ni setilaiti zipi zilizo juu yake. Kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake yenyewe katika muda wa nusu dakika hivi, na orodha ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa kamili. Ukianza kuendesha papo hapo kati ya majengo, taarifa hukatika na kupokelewa upya, na wewe unakitukana. Mimi hukiwasha mahali pa wazi kabla sijafunga mkanda, na kikishajipata ndipo naondoka.

Kuhusu mipangilio, nitataja ile tu iliyonibadilishia maisha. Chaguo la "njia fupi" nililizima siku ileile liliponipitisha kwenye vichochoro ambavyo kuku walinipisha kwa shingo upande. "Njia ya haraka" ndiyo inayofaa karibu kila wakati. Chaguo la kuepuka barabara zisizo na lami ni zuri wakati wa mvua, lakini likiachwa limewashwa linaweza kukuzungusha sana kwa ajili ya kipande kifupi cha changarawe nzuri. Na kabla ya kuondoka huitazama njia nzima kutoka juu, kwa sababu miji miwili yenye jina moja ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyofikiri, na umbali unaoonyeshwa ndio unaokufichulia kwamba umechagua mji usio wako.

Mtu akinitumia mahali kwa namba badala ya anwani, huuliza kwanza zimeandikwa kwa mtindo gani. Nyuzi 6 na dakika 30 ni sawa na 6.5, wala si 6.30, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, na tofauti hiyo ya 0.20 ya nyuzi ya latitudo ni kilomita 22 hivi. Na alama ya kutoa mbele ya namba, inayomaanisha kusini mwa ikweta au magharibi mwa London, ikisahauliwa hukupeleka upande mwingine wa dunia, jambo ambalo angalau hugundulika mapema.

Abiria hupenda kuniuliza kwa nini mwendo wa kwenye kifaa ni mdogo kuliko ule wa kwenye dashibodi. Kwenye barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika, mimi huamini kifaa, kwani spidi mita za magari hutengenezwa zisionyeshe pungufu ya mwendo halisi, na hivyo kwa kawaida huonyesha ziada kidogo. Saa ya kufika ndiyo nisiyoiamini. Kifaa huikokotoa kana kwamba barabara yote ni yangu peke yangu, hakuna lori linalopanda mlima mbele yangu wala mchunga ng'ombe asiye na haraka, kwa hiyo huongeza robo ya muda kichwani, na wanaonisubiri nimewazoesha kuniuliza zimebaki kilomita ngapi badala ya dakika ngapi.