Mkutubi mmoja, walimu thelathini na wawili

Nilipopangiwa shule, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka Iringa mjini, nilikuwa na cheti changu kutoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo na imani kwamba mambo yote nimeshayasoma. Mkuu wa shule alinikabidhi funguo mbili na chumba chenye vitabu vilivyorundikwa sakafuni hadi dirishani. Rafu ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa. Ukiigusa, mbao zinabaki vumbi mkononi.

Kazi haikunitisha. Kilichoniumiza ni kukosa wa kumuuliza. Pale shuleni walimu wa hisabati wako wanne. Mmoja akikwama, anageuza kiti tu. Mimi nikikwama, nageukia ukuta. Na walimu wenzangu, Mungu awabariki, waliniona kama mtunza stoo mwenye bahati ya kukaa kivulini.

Kwanza nilikimbilia kundi la WhatsApp la wenzangu tuliomaliza chuo pamoja. Niliandika swali refu kuhusu vitabu vya kiada vilivyopitwa na mtaala: nifanye nini navyo? Jibu la kwanza lilikuwa ua jekundu lenye maneno "Asubuhi njema yenye baraka". La pili, tangazo la mchango wa harusi. Sikuwalaumu. Swali lenyewe lilikuwa pana mno, na nililitupa kwa watu hamsini, kwa hiyo kila mmoja aliona kuna mwingine atakayejibu.

Jumamosi moja nikapanda basi hadi maktaba ya mkoa. Maktaba hizi za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na nilikuwa nikidhani ni za wasomaji tu, si za mtu kama mimi. Pale mezani nilimkuta mama wa makamo amevaa sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusoma?"

Nikamweleza mimi ni nani, na matatizo yangu yote, kuanzia mchwa hadi mkuu wa shule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo yote siwezi kukutatulia leo. Nitajie moja."

Nikatoa simu na kumwonyesha picha ya kitabu cha kilimo cha mahindi. Nilikuwa nimekipa namba ya 580, penye mimea. Akacheka kidogo. "Huyu mwandishi anauchunguza mmea au anaulima?" Anaulima. "Basi mpeleke 633, akakae na wakulima." Kwa dakika mbili nikawa nimeelewa jambo ambalo darasani nililikariri tu: kwa Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, hutazami kitu peke yake, unatazama kinazungumziwa kwa upande gani. Siku hiyo nilikaa naye hadi saa nane, nikimsaidia kurudisha vitabu rafuni, na nikaondoka na karatasi ya makundi mia ya Dewey aliyoiandika kwa mkono, mia nane ya fasihi ikiwa imepigiwa mstari mara mbili.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu: swali moja, picha moja, mtu mmoja. Na nikipata jibu, narudi kumwambia lilivyofanya kazi. Hilo la kurudi wengi tunalisahau. Mama yule ndiye aliyenipa namba ya mkutubi wa shule ya misheni upande wa pili wa mji, kaka mmoja mchapakazi asiyependa maneno mengi. Yeye akanipeleka kwa fundi anayeshona upya madaftari ya kanisa. Fundi hajawahi kusikia neno ukutubi, lakini nilijifunza mengi kwake. Gundi yake ni uji mzito wa unga wa ngano na punje za mrututu, ili wadudu wasile jalada. (Mrututu ni sumu, kwa hiyo kopo nalifungia kabatini na wanafunzi hawaligusi.)

Jibu la vitabu vya mtaala wa zamani nililipata mahali nisipotarajia kabisa: kwa mtunza stoo wetu mwenyewe, yule niliyekuwa nikichukia kufananishwa naye. Aliniambia mali ya serikali haitupwi wala haichomwi kwa uamuzi wa mtu mmoja. Unaiorodhesha, unaitenga, na unasubiri kibali. Akanipa mfano wa orodha yake ya viti vilivyovunjika. Nikainakili, nikaweka vitabu mahali pa viti.

Mimi nami nilikuwa na cha kutoa. Yule kaka wa misheni alikuwa na riwaya nyingi za Kiingereza, za Kiswahili chache; kwetu ni kinyume. Tukakubaliana kubadilishana sanduku la vitabu arobaini kila muhula, kwa daftari la kusaini pande zote mbili. Mkuu wa shule alikataa mara mbili. "Vikipotea nani atalipa?" Mara ya tatu nilimpelekea barua yenye orodha, thamani ya kila kitabu, na saini ya mwenzangu. Akagonga muhuri bila kuinua kichwa.

Sanduku la kwanza lilipofika, wasichana wa kidato cha pili walipanga foleni hadi kwenye bomba la maji. Mwalimu wa zamu alikuja akidhani kuna ugomvi.

Letu limerudi wiki iliyopita. Nimehesabu mara tatu: vitabu vyetu thelathini na tisa, na juu yake kimoja chenye muhuri wa misheni ambacho hakikuwa chetu. Nimempigia kaka, anasema tukihesabu vichwa ni arobaini. Mkuu bado hajaniuliza.