Pesa hurudi, sarafu hairudi: siku ya kazi ya dalali wa USDT Nairobi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kabla ya oda ya kwanza kuna hesabu tatu: salio la M-Pesa, salio la USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwenye pochi, na jumla ya pesa iliyokwisha kupokelewa ambayo aliyeituma bado ana uwezo wa kuirudisha kwake. Mbili za kwanza kila dalali anazijua. Ya tatu wengi hawaiandiki popote, na ndiyo inayowafilisi.

Tatizo la kazi hii ni hilo. USDT ikishathibitishwa kwenye Tron, mtandao unaosafirisha sarafu hiyo, jambo la dakika moja hivi, hakuna ofisi ya kuiombea irudi. Pesa inayokuja upande wa pili inarudishika: M-Pesa kwa ombi la kurejesha muamala, PayPal kwa malalamiko, kadi kupitia benki iliyoitoa. Anayetoa sarafu kwanza ndiye anayebeba hatari.

Halafu bei. Tuseme leo unanunua kwa KSh 128 na kuuza kwa KSh 130. USDT 100 zinakuachia faida ya KSh 200. Ukitapeliwa oda moja ya USDT 100 umepoteza KSh 12,800, yaani faida ya oda 64 za ukubwa uleule. Ndiyo maana dalali mzoefu hakimbilii kila mteja.

Floti, yaani pesa ya kufanyia kazi, nayo ina mtego wake. Akaunti ya M-Pesa haishiki zaidi ya KSh 500,000, na muamala mmoja hauzidi KSh 250,000. Ukianza siku na 450,000, mteja wa kwanza wa 60,000 atagonga mwamba, na kwa kuwa hakujui ataanza kushuku kwamba nambari uliyompa ina kasoro. Acha nafasi.

Saa mbili

Wateja wapya huja asubuhi. Ujumbe ni mmoja miaka yote: "Boss, uko na USDT? Bei ngapi?" Jibu la bei ni rahisi. Kinachofuata ni maswali mawili: jina lako kamili kama lilivyo kwenye M-Pesa ni lipi, na pesa itatoka kwenye nambari yako mwenyewe? Anayesema atalipiwa na "cousin" au na "mtu wa ofisi" anaambiwa kwa heshima kwamba haiwezekani.

Wateja wengi huona hilo kuwa usumbufu, kumbe ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Utapeli ulioenea zaidi huenda hivi. Tapeli anatangaza simu ya bei poa mtandaoni. Mnunuzi wa simu anaambiwa atume KSh 26,000 kwenye nambari fulani, na nambari hiyo ni yako. Wakati huohuo tapeli amekuwekea oda ya USDT 200. Unaona 26,000 imeingia, kiasi kinalingana, unatuma sarafu. Kesho mnunuzi hana simu, anaomba muamala urejeshwe na kuripoti polisi nambari yako. Yeye ni mkweli kabisa. Wewe nawe ulipokea pesa kutoka kwa mtu ambaye hukuwahi kuzungumza naye. Kulinganisha jina kungekuchukua sekunde tano.

Jina lisipolingana, usitume sarafu na usiitumie pesa hiyo. Irudishe kwenye nambari ileile iliyotoka, kamwe si kwenye nambari "nyingine" utakayopewa kwenye chati. Ukiipeleka kwingine, aliyeituma hajarudishiwa chochote, na ombi lake la kurejeshewa bado lina nguvu.

Mteja mpya huanza na USDT 20, hata akija na laki mbili mkononi. Akiona dharau, aende kwa mwingine.

Saa tatu na nusu

"Nimetuma, angalia." Inafuata picha ya skrini. Picha ya skrini si malipo. Meseji nayo si malipo, ingawa namba yake ya muamala inasema mengi. Herufi ya kwanza ni mwaka: S ni 2024, T ni 2025, U ni 2026. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, hadi V ambayo ni 31. Kwa hiyo namba inayoanza na TCF ni ya tarehe 15 Machi 2025. Ukiletewa meseji ya aina hiyo mwezi wa nne, mtu amechukua ya zamani akabadilisha kiasi na jina.

Matapeli wa siku hizi wanaujua mpangilio huo pia, kwa hiyo unakamata wavivu tu. Kinachoamua ni salio lako mwenyewe, ukiliangalia kwenye menyu au kwenye programu ya M-Pesa. Angalia kabla ya kila kutuma, hata simu ikiwa imelia na meseji imeonekana sawasawa.

Pesa halisi ikishaingia, bado mtumaji anaweza kupeleka ile meseji kwenye 456, nambari ya Safaricom ya kurejesha miamala, akidai alikosea nambari, na kiasi hicho kikashikiliwa kwenye akaunti yako huku ombi likishughulikiwa. Wapo madalali wanaokimbilia kwa wakala kutoa pesa mara tu inapoingia. Sioni faida yake. Mtu mwenye malalamiko ya kweli atakufuata kwa njia nyingine, na haraka yako itasomeka kama hatia. Kinachosaidia ni ushahidi ulioandikwa kabla ya sarafu kutoka. Mteja anaandika kwenye chati, kwa maneno yake: "Mimi fulani nimelipa KSh 26,000 kutoka nambari yangu kununua USDT 200, zitumwe kwenye anwani hii." Unahifadhi hilo, namba ya muamala wa M-Pesa, na kitambulisho cha muamala wa Tron. Ukipigiwa simu kuhusu ombi la kurejesha, una cha kusoma.

Saa tano

Zamu ya PayPal. Nairobi imejaa watu wanaoandika, kutafsiri na kunukuu sauti kwa wateja wa Marekani na Ulaya, na wengi hulipwa kwa PayPal. Lakini tangu 2018 PayPal imeunganishwa na M-Pesa, kwa hiyo mwenye salio halali ana njia ya kulitoa. Anapokuja mtu aliye tayari kupoteza asilimia kumi ili apate USDT leo hii, swali si bei. Swali ni kwa nini ana haraka hivyo.

Mara nyingine sababu ni nzuri: akaunti yake haijaunganishwa, au anataka kumlipa mtu nje ya nchi kwa USDT. Mara nyingine akaunti si yake. Hapo ndipo ushauri maarufu wa "tuma kama kwa rafiki na familia" unapoanguka. Ni kweli malipo ya aina hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Lakini mwenye akaunti iliyodukuliwa halalamiki kwamba bidhaa haikufika. Analalamika kwamba hakuidhinisha malipo, na malalamiko hayo yanapokelewa bila kujali aina ya malipo. Na kama chanzo ni kadi, benki ya kadi ina utaratibu wake. Wewe huna risiti ya mzigo wala anwani ya kupelekea. USDT haipiti posta. Juu ya hayo, PayPal ikishuku akaunti yako inaweza kuizuia na kushikilia salio kwa siku hadi 180.

Siku 180 ndizo pia muda wa mnunuzi kufungua malalamiko. Malipo ya tarehe 3 Machi yanabaki wazi hadi tarehe 30 Agosti.

Hapa imani hupimwa vibaya kuliko mahali pengine popote. Dalali anasema: "Huyu nimefanya naye oda thelathini, hajawahi kunisumbua." Tuhesabu. Oda thelathini za dola 50 ndani ya miezi miwili ni dola 1,500, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye siku zake 180. Huyo mteja hajakuthibitishia kitu. Amejenga deni ambalo anaweza kulidai lote kwa asubuhi moja. Tapeli mvumilivu hufanya hivyohivyo: oda ndogo, salamu nyingi, "asante sana boss", kisha oda moja kubwa, kisha malalamiko kwa zote pamoja.

Kwa hiyo kila mteja wa PayPal ana mstari wake kwenye daftari wenye safu tatu: tarehe, kiasi, na tarehe ya kufungwa, yaani tarehe ya malipo kuongeza siku 180. Kikomo cha mteja hakipimwi kwa oda ya leo. Kinapimwa kwa jumla ya yote yaliyo wazi. Kwangu mteja mpya hapiti dola 100 zilizo wazi, hata kama ni oda nne za 25. Kikomo hupanda pale malipo ya zamani yanapofungwa bila tatizo. Ni polepole mno, na mteja mwenye haraka ataondoka. Sawa.

Jingine dogo: soma hali ya malipo ndani ya akaunti, usisome barua pepe. Hundi ya kielektroniki huonekana kama malipo lakini bado inasubiri benki siku kadhaa, na inaweza kukataliwa.

Saa nane mchana

Chakula. Matangazo yangu kwenye soko la P2P (la mtu kwa mtu, mtandaoni) yanazimwa kabisa kwa nusu saa, maana oda ikifunguka na muda wa malipo ni dakika 15, mteja hawezi kungoja umalize ugali.

Saa tisa

Mteja wa siku nyingi anaandika Telegram kutoka Doha: "Kaka, leo nahitaji 900, anwani mpya hii." Mteja wa kweli, anwani mpya, kiasi kikubwa kuliko kawaida yake. Mambo matatu kwa pamoja yanatosha kusimamisha kazi na kupiga simu, kwa nambari iliyo kwenye kitabu chako na si iliyotumwa leo. Akaunti za Telegram huibiwa, na anayeiiba husoma mazungumzo yenu ya nyuma hadi anajua kukuita kaka. Mteja aliyezoea mambo haya anaweza badala yake kusaini ujumbe kwa ufunguo wa anwani yake ya zamani. Wengi hawajui kufanya hivyo; sauti inatosha.

Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi na tarakimu 34. Zisome zote, si nne za mwanzo na nne za mwisho. Kuna wanaotengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho na ile unayoitumia, kisha hukutumia muamala wa sifuri ili anwani yao ikae kwenye historia ukiinakili kwa mazoea. Nakili kutoka kitabu chako. Kwa 900 tuma kwanza USDT 1, mteja athibitishe, ndipo umalizie. Na hakikisha pochi ina TRX, sarafu ya Tron yenyewe, ya kulipia ada. Bila hiyo USDT haiondoki, na mteja aliyekwisha lipa ataanza kuhema.

Saa kumi na moja jioni

Jioni kazi hugeuka: watu wanauza USDT, wanataka shilingi. Sasa mwenye hofu ni mteja, na ana haki, maana dalali naye anaweza kutuma M-Pesa kisha akaomba irejeshwe. Asiyenijua namwelekeza kwenye soko la P2P kama la Binance, ambako sarafu yake inashikiliwa na soko mpaka yeye mwenyewe aiachilie. Namwambia asiachilie kabla ya kuona salio lake limepanda, hata nikimharakisha. Kwa kiasi kidogo natuma shilingi kwanza.

Sifa za sokoni zisomwe kwa makini. Oda 500 za dola kumi hazisemi lolote kuhusu oda ya dola elfu. Tazama umri wa akaunti, kiwango cha kukamilisha oda, na maoni mabaya kabla ya mazuri. Bitcoin-otc, mtandao wa imani wa wauza bitcoin wa mwaka 2010, uliwapa watu alama kutoka −10 hadi +10, na la maana halikuwa jumla ya alama bali nani aliyezitoa. Swali hilo halijachakaa. Na LocalBitcoins, soko la bitcoin la Finland, lilipofungwa 2023, sifa ambazo watu walikuwa wamezijenga humo kwa miaka zilibaki bila jukwaa. Daftari lako liwe lako.

Saa tatu usiku

Kufunga hesabu. Kila oda: jina, namba ya M-Pesa, kitambulisho cha Tron, bei, faida. Malipo ya PayPal yaliyofikisha siku 180 leo yanatolewa kwenye safu ya wazi. Kumbukumbu hizi zina kazi nyingine sasa, kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2025 kuhusu watoa huduma za mali za kidijitali imeweka leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na anayefanya biashara hii kama kazi anapaswa kujua anaangukia wapi.

Baada ya saa nne wateja wapya hawahudumiwi. Usiku ndiyo saa ya "boss, ni emergency", na simu iliyoibiwa saa mbili mwenyewe huwa bado hajaripoti. Oda hizo zinajibiwa kesho saa mbili asubuhi, kwa maswali yaleyale mawili.